Vifaa vya Kufungia Paneli za Umeme wa Jua: Mazungumzo kwa Makatibu wa Vyama vya Msingi

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na mkaguzi wa vyama vya ushirika mbele ya makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi vya wakulima wa korosho. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya vyama ambavyo havikuwakilishwa siku hiyo.)



Mmenizoea nikija kwenu na kalamu nyekundu, kuuliza stakabadhi iko wapi na hati ya malipo imetiwa sahihi na nani. Leo sikuja kuuliza. Nimekuja kueleza jambo ambalo mimi mwenyewe nililikosea, nikaliandika katika taarifa ya ukaguzi, na chama kikapata hasara kwa sababu ya maandishi yangu. Jambo lenyewe ni bolti.

Najua wapo wanaotabasamu. Mkaguzi mzima amepewa nusu saa ya kusema na watu wazima, naye anazungumzia bolti na nati! Lakini vyama vyetu vingi siku hizi vina paneli za umeme wa jua juu ya paa la ghala au la ofisi. Mizani ya kidijitali inataka umeme, kompyuta ya katibu inataka umeme, taa ya mlinzi inataka umeme, na umeme wa gridi hauulizi kama leo ni siku ya kupokea korosho. Basi chama kinanunua paneli, betri na inveta. Mkutano unajadili bei ya paneli kwa saa mbili, unajadili betri kwa saa moja, kisha mstari wa mwisho wa makisio, ule unaosema "vifaa vya kufungia", unapita bila mtu kuinua mkono. Huo ndio mstari ninaotaka tuuzungumze.

Mwaka 2019 nilikagua hesabu za chama kimoja ambacho sitakitaja jina. Ghala lake liko mahali ambapo mtu akisimama mlangoni usiku husikia mawimbi. Chama kilikuwa kimenunua paneli 8, kila moja shilingi 300,000, jumla shilingi 2,400,000, na hapo sikuona kasoro. Katika jalada hilohilo nikakuta bei tatu za bolti, nati, washa na vishikizo, kutoka maduka matatu: shilingi 68,000, shilingi 95,000 na shilingi 214,000. Katibu alikuwa amechukua ile ya 214,000.

Ndugu zangu, kwa mkaguzi jambo hilo ni kama paka kumwona panya. Niliandika hoja papo hapo: ununuzi haukuzingatia bei ya chini, tofauti ya shilingi 146,000 irejeshwe na mhusika. Katibu, mzee wa makamo aliyeitumikia kazi yake miaka mingi, alijibu kwa mwandiko wake mstari mmoja tu: "Ndugu Mkaguzi, hapa ni pwani." Nikadhani ananikejeli. Mkutano mkuu uliamua akatwe fedha hizo katika malipo yake. Alikatwa kwa awamu tatu, na mkataba wake ulipokwisha hakuomba kuendelea.

Hoja ile niliiona kuwa kazi nzuri. Nikaitumia kuwa mfano katika semina kama hii. Chama cha pili, cha pwani hiyohiyo, kilikuwa na mjumbe aliyesikiliza kwa makini na kuandika. Mwaka 2020 nao walipofunga paneli zao 8 walinunua vifaa vya bei ya chini kabisa waliyoipata. Katika kumbukumbu za kikao cha bodi yao yameandikwa maneno haya: "kwa kuzingatia ushauri wa Mkaguzi." Nakala ninayo, na huitazama mara kwa mara.

Mapema mwezi Mei 2024, siku zile Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, paneli tano kati ya zile nane ziling'oka usiku. Nne zilianguka uwanjani zikavunjika. Ya tano iliruka uzio, ikatua hatua chache kutoka kwenye mlango wa nyumba ya jirani, ambamo mama na watoto wake wanne walikuwa wamejikunyata wakisikiliza upepo. Hakuna aliyeumia. Hasara ya paneli peke yake ilikuwa shilingi 1,500,000. Zaidi ya hapo, mahali zilipong'oka palibaki matundu katika bati, mvua ikaingia ghalani, ikalowesha mifuko ya salfa iliyokuwa ikingoja kugawiwa wakulima.

Nilipofika pale nilitazama paa kwanza. Bati zote zilikuwa mahali pake. Kama upepo ungeezua ghala zima ningesema ni amri ya Mungu na kufunga jalada, lakini paa lilibaki na paneli zikaondoka. Niliokota bolti moja mchangani. Kichwa chake kilikuwa kizima, lakini shingo ilikuwa imeliwa hata ikawa nyembamba kama njiti ya kiberiti. Zilizobaki juu ya paa fundi alizikata kwa vidole.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kujifunza kile nilichopaswa kukijua kabla ya kuandika hoja. Nimewauliza mafundi, nimesoma, nimepanda mapaa mengi kuliko mkaguzi anavyopaswa kupanda. Niliyoyapata ndiyo haya.

Tuanze na upepo, kwa sababu watu wengi hudhani kazi ya bolti ni kuizuia paneli isiteleze. Paneli haitelezi, paneli huinuliwa. Upepo unaopita juu ya paa huivuta kwenda juu kama unavyolivuta tanga. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, una nguvu ya karibu kilo 56 kwa kila mita ya mraba. Paneli ya ukubwa wa mita ya mraba moja na nusu na ushei huweza kuvutwa kwa nguvu ya kilo 90, nayo yenyewe ina uzito wa kilo 18 au 20 tu. Kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu hiyo huzidi mara nne. Tena katika kingo na pembe za paa mvuto huwa mkali zaidi kuliko katikati. Kwa hiyo fundi anayepanga paneli hadi ukingoni kabisa ili zionekane vizuri kutoka barabarani amechagua uzuri badala ya usalama.

Lakini hesabu hiyo ina upande wake wa pili, nao ulinishangaza. Bolti nzima ya milimita 8, hata ile ya bei rahisi, haikatiki mpaka ivutwe kwa uzito unaozidi tani moja. Paneli moja hushikwa mahali pasipopungua panne. Maana yake ni kwamba siku ya kwanza kila bolti iliyoko dukani, ghali kwa rahisi, ina nguvu ya kutosha na kubaki. Duka la shilingi 68,000 halikutuuzia bolti dhaifu. Lilituuzia bolti yenye nguvu ya miaka michache, ili ishike paneli ambayo mtengenezaji wake huitolea dhamana ya kutoa umeme miaka 25. Swali la kumwuliza muuza duka, basi, ni itakaa miaka mingapi mahali petu. Uzito inaobeba si hoja.

Kutu ndiyo adui. Bolti ya chuma cha kawaida hukingwa kwa zinki, na hapa pana jambo ambalo kila katibu anapaswa kulijua, maana macho hudanganya. Kuna bolti zilizopakwa zinki kwa njia ya umeme, na kuna bolti zilizochovywa katika zinki iliyoyeyushwa kwa moto wa nyuzi 450 hivi. Zote mbili muuzaji atakuambia kuwa ni za zinki, wala hakudanganyi. Ila ile ya kwanza ina ngozi ya zinki ya mikroni 5 hadi 12, na ile ya kuchovywa ina mikroni 45 hadi 85 kwa kadiri ya unene wa chuma chenyewe. Mikroni elfu moja ndiyo milimita moja. Sasa fanyeni hesabu ya shule ya msingi: mahali penye hewa ya chumvi, zinki inaweza kuliwa kiasi cha mikroni 4 kwa mwaka. Ngozi ya mikroni 8 imekwisha katika miaka 2, na baada ya hapo chuma kiko uchi. Ngozi ya mikroni 80 itakwenda miaka 20. Bara, ambako hewa ni kavu na chumvi haifiki, zinki huliwa polepole zaidi, pengine mikroni 1 kwa mwaka.

Zitofautisheni hivi. Iliyopakwa kwa umeme inang'aa, ni laini, na pengine ina rangi ya samawati au ya manjano kwa mbali. Iliyochovywa ni ya kijivu, imefifia, ina mikwaruzo kidogo, na nati yake imetengenezwa kuwa pana kidogo ili ipite juu ya zinki. Mteja asiyejua humrudishia muuzaji ile ya kijivu akidhani ni ya zamani, akachukua inayong'aa. Nami nisingefanya tofauti.

Juu ya hizo mbili kuna bolti za chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi. Hiki hakikingwi kwa ngozi ya kupakwa. Kimechanganywa na kromi na nikeli tangu kinapoyeyushwa, na kikikwaruzwa hujifunika chenyewe. Nacho kina daraja zake. Tazameni kichwa cha bolti: kama imepigwa chapa ya A2, hiyo ndiyo ya kawaida, kama ni A4, imeongezwa madini ya molibdeni ili kustahimili chumvi, nayo ndiyo ya kutumia pale mnaposikia mawimbi. Chapa kama 4.6 au 8.8 ni ya chuma cha kawaida, hata kama inang'aa kama kioo. Wengine hupima kwa sumaku. Si kipimo kibaya, maana stenlesi ya aina hizi haivutwi sana, lakini bolti iliyofinyangwa ikiwa baridi huweza kuvutwa kidogo. Kwa hiyo someni chapa kwanza, sumaku iwe shahidi wa pili. Bolti zile za shilingi 214,000, ndugu zangu, zina chapa ya A4. Ilikuwa juu ya vichwa vyake wakati wote, na mimi sikupanda ngazi kuisoma.

Jambo jingine linalowapata wengi ni kuunganisha madini yasiyopatana. Kila mmoja wetu amewahi kuisahau betri ya tochi kabatini mpaka ikavuja. Kopo la betri ile ni zinki, nalo limeliwa kwa sababu ndani yake vitu viwili vya tabia tofauti vimekutana na unyevu wenye chumvi, na umeme umepita kati yake. Juu ya paa la pwani tunatengeneza betri kama hiyo bila kukusudia: fremu ya paneli ni ya alumini, reli pengine ni ya chuma, bolti ni ya kitu kingine, na umande wa bahari unazilowesha zote kila alfajiri. Lile dini lililo dhaifu zaidi huliwa kwa ajili ya mwenzake. Zinki hujitoa kuliwa kwa ajili ya chuma, na ndiyo sababu inatufaa. Alumini ikigusana na shaba huharibika upesi mno, kwa hiyo waya wa shaba wa kupeleka radi ardhini usifungwe moja kwa moja katika fremu. Hutakiwa kishikizo chake maalumu. Bolti ndogo ya stenlesi juu ya reli kubwa ya alumini haina neno kubwa, maana kinacholiwa ni kipana na kinacholiwa kwacho ni kidogo. Kinyume chake ni hatari: ribiti ndogo ya alumini juu ya bamba pana la chuma, au bolti ya zinki nyembamba katikati ya stenlesi, hiyo itamalizwa upesi. Mahali pa mashaka fundi aweke washa ya plastiki au ya mpira kati ya madini hayo mawili, nao umeme ule hautapita. Vilevile reli ya alumini isizikwe katika zege bila kukingwa, wala isilazwe moja kwa moja juu ya mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, zile zenye rangi ya kijani.

Kuna jambo moja ambalo sikulitazamia hata kidogo. Nilidhani bolti inayonyeshewa ndiyo inayooza kwanza. Fundi mmoja alinipeleka juu ya paa akanionyesha kuwa mambo ni kinyume. Vichwa vya misumari ya bati vilivyo wazi, ambavyo mvua huvipiga kila masika, vilikuwa na kutu kidogo. Bolti zilizo chini ya paneli, zisizopata tone la mvua, zilikuwa zimevimba kwa kutu. Sababu ni kwamba upepo wa kusi huileta chumvi kila mahali, lakini mvua huja kuiosha pale tu inapofika. Chini ya paneli chumvi hujilimbikiza mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo mahali pasipoonekana ndipo panapotaka kifaa bora, na ndipo panapotaka ndoo ya maji baridi yasiyo ya chumvi angalau mara mbili kwa mwaka. Kazi hiyo mlinzi anaweza kuifanya kwa nusu saa kabla jua halijapanda.

Sasa paa lenyewe. Bati za geji 30 ni nyembamba kuliko theluthi moja ya milimita hivi. Skrubu iliyoshika bati peke yake inang'oka kama jino la mtoto. Kila mguu wa reli hauna budi kupita katika bati na kushika mbao ya papi au kenchi. Tena itobolewe juu ya mgongo wa bati, si katika bonde ambamo maji hupita, na chini ya kila kichwa kuwe na washa ya mpira mweusi unaostahimili jua. Mpira wa kukatwa kutoka katika tairi ya ndani ya baiskeli, ambao nimeukuta mara nyingi, hupasuka upesi na paa likaanza kuvuja juu ya magunia. Kabla ya yote hayo mtu aingie darini na bisibisi aichome papi hapa na pale. Bolti ya A4 iliyoshika mbao iliyoliwa na mchwa ni fedha iliyotupwa, na ni afadhali kuahirisha paneli mwaka mmoja mkatengeneza kenchi.

Vyama vyenye maghala ya zamani vitazame zaidi. Maghala mengine yameezekwa kwa asbesto, zile bati nene za saruji za rangi ya kijivu. Hizo msizitoboe na msizikanyage. Vumbi lake likivutwa huleta maradhi ya mapafu ambayo hujitokeza baada ya miaka mingi, na bati yenyewe huvunjika chini ya mguu. Hapo simamisheni nguzo uwanjani na paneli zikae chini, mahali mlinzi anapoweza kuziona.

Kuhusu namna ya kufunga sitasema mengi, fundi mwema anayajua. Reli ya alumini ya mita 6 hurefuka kwa milimita 7 hivi kutoka baridi ya alfajiri hadi joto kali la mchana juu ya bati, kwa hiyo reli mbili zikikutana ziachiwe nafasi. Kati ya paneli na bati kuwe na upana wa kiganja kwa ajili ya hewa, maana paneli iliyopata joto hutoa umeme pungufu. Mlalo usipungue nyuzi 10 ili mvua ioshe vumbi. Nati ziwe zile zenye plastiki ndani zisizolegea kwa mtikisiko, na zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa katika karatasi ya mtengenezaji. Nati ya stenlesi ikikazwa kwa haraka juu ya bolti ya stenlesi huweza kung'ang'ania isitoke tena; fundi aipake grisi maalumu kidogo.

Wapo waliochoka na wezi wakaamua kuchomelea paneli kwenye fremu ya chuma. Nawaelewa, lakini moto wa kuchomelea huunguza zinki yote pale ulipopita, na kutu huanzia hapohapo. Ziko nati ambazo kichwa chake hukatika zikishakazwa, mwizi akakosa pa kushika spana. Hizo ni bora. Na kama ni lazima kuchomelea au kukata reli ya chuma, palipokatwa pasafishwe na kupakwa rangi yenye zinki siku ileile. Rangi nyekundu ya kawaida haitoshi kwa pwani.

Ndugu makatibu, sasa nakuja kwenye sehemu iliyo yangu kweli, yaani makaratasi. Kosa langu la mwaka 2019 halikuwa kutojua habari za zinki. Mkaguzi hawezi kujua kila kitu. Kosa langu ni kwamba nililinganisha bei tatu bila kuuliza kama ni bei za kitu kimoja. Barua ya chama iliyoomba bei ilisema "bolti za kufungia paneli 8 pamoja na nati zake." Duka la kwanza lilijibu kwa bolti za zinki ya umeme, la pili kwa zilizochovywa, la tatu kwa A4. Hizo zilikuwa bei za bidhaa tatu, na mimi nikazipanga kwenye mstari mmoja kama korosho za daraja moja. Hakuna kati yenu ambaye angelinganisha bei ya korosho za daraja la kwanza na za daraja la pili akasema mnunuzi wa pili ni mwema kwa sababu analipa kidogo!

Kwa hiyo barua yenu ya kuomba bei itaje kitu chenyewe. Kwa chama cha pwani iandikwe: bolti, nati na washa za chuma kisichoshika kutu zenye chapa ya A4, kipenyo kadhaa, urefu kadhaa, idadi kadhaa, reli za alumini, washa za mpira unaostahimili jua. Kwa wenzetu wa Masasi, Nachingwea na Tunduru, ambako chumvi ya bahari haifiki, iandikwe: vya chuma kilichochovywa katika zinki, na msishawishiwe kununua A4 kwa kuwa mkaguzi aliisifu huku pwani. Hapo ndipo bei tatu zitalinganishwa kwa haki na ya chini ichukuliwe. Mzigo ukifika, mjumbe wa bodi na katibu wasome chapa vichwani kabla ya kutia sahihi hati ya kupokelea, na bolti moja ibaki katika bahasha ndani ya jalada. Mtashangaa jinsi bahasha hiyo inavyomfanya muuzaji awe mwangalifu.

Ikiwa bei halisi inazidi makisio, msipunguze ubora wa bolti kimyakimya. Nunueni paneli 7 badala ya 8, na kumbukumbu za kikao ziseme kwa nini. Chama cha pili kingebaki na paneli 7 leo.

Mwezi Julai 2024 nilikwenda kumtazama yule katibu wa zamani. Nilimkuta chini ya mkorosho wake akifyeka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kama ilivyo ada, akaniuliza habari za nyumbani, hakuniuliza habari za kazi. Nikamwambia nimepanda paa la ghala lake la zamani, na fundi amefungua bolti mbili za chini ya paneli zilizokaa miaka mitano, zikafunguka kwa spana moja, safi. Akasema, "Mwanangu, baba yangu alikuwa akiunda mashua. Alikuwa akisema msumari wa mashua hununuliwi kwa bei, hununuliwa kwa bahari." Kisha akaendelea kufyeka.

Nimekwisha kuandika taarifa ya kuifuta hoja ile, na kueleza kuwa fedha alizokatwa, shilingi 146,000, zilikatwa kwa kosa la mkaguzi. Kuzirejesha ni uamuzi wa wanachama wa chama chake katika mkutano mkuu, nami nimeomba liwe ajenda. Mwenyekiti wa chama hicho yupo hapa, ananisikia. Kwa chama cha pili nimeandika vilevile kuwa bodi yao ilifuata ushauri wangu, ili asije mkaguzi mwingine akawaandikia hoja ya uzembe.

Kuanzia ukaguzi ujao nitaomba kuona mambo manne katika jalada la paneli: barua ya kuomba bei, hati ya kupokelea, bahasha yenye bolti, na daftari ya mlinzi ya siku alizoosha. Kisha nitapanda. Ngazi ninayo ndani ya gari, msihangaike kuazima. Vyama ambavyo paneli zao zilifungwa zaidi ya miaka mitatu iliyopita kwa bolti zinazong'aa zisizo na chapa ya A2 wala A4, tafadhali waleteni mafundi wafungue japo moja ya chini ya paneli kabla ya kusi kuanza, na mniletee niitazame. Nitakuwa hapa mlangoni mpaka saa kumi.